Tuta la reli, baiskeli na moyo wako

Ukurasa wetu wa afya leo unazungumza juu ya chombo ambacho karibu kila kaya ya Usukumani inakifahamu: baiskeli. Hatutazungumzia bei yake wala namna ya kuziba pancha. Tutazungumzia njia ambayo mwenye baiskeli apite, ili mwili wake upate faida na maisha yake yasikatike njiani.

SWALI LA MZEE

Mtu akipimwa shinikizo la damu zahanati na kukutwa zaidi ya mara moja na kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, hupewa ushauri wa kupunguza chumvi, kuacha sigara, kupunguza pombe na kufanya mazoezi. Wazee wengi wakifika kwenye neno mazoezi hushangaa. Husema: "Daktari, mimi nimelima pamba tangu ujana wangu. Mazoezi gani tena unayoyataka?"

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la haki. Kulima ni kazi ya mwili, tena ni kazi nzito kuliko mazoezi mengi ya watu wa mjini. Lakini kilimo kina msimu. Pamba yetu hupandwa Novemba na Desemba, na huvunwa kuanzia Mei. Pamba ikishauzwa, wako wanaokaa chini ya mti miezi mitatu, jembe likiwa limeegeshwa ukutani. Siku hizi hata kwenda dukani mtu huita pikipiki. Moyo nao hauna msimu. Ni msuli unaotaka kazi kila wiki ya mwaka, kama ng'ombe anavyotaka maji kila siku.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hesabu hiyo haitishi. Ni nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Utajuaje kwamba mwendo wako ni wa wastani? Jipime hivi: ukiwa unakwenda, unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, unakwenda polepole mno. Ukishindwa hata kuzungumza, umezidisha.

Baiskeli inafaa sana kwa kazi hii. Uzito wa mwili huchukuliwa na kiti, kwa hiyo magoti hayaumii kama mtu anapokimbia. Mama mwenye mwili mzito na mzee mwenye maumivu ya magoti wanaweza kuendesha pale ambapo kukimbia kungewashinda. Lakini sharti moja ni lazima: njia iwe ya kufaa. Mtu ambaye moyo wake haujazoea, ukimpandisha kilima kikali siku ya kwanza, unamtesa. Ukimweka kwenye barabara kuu kati ya malori, unamweka kwenye hatari kubwa kuliko ugonjwa unaotaka kumponya.

TUTA LA RELI LINATUFUNDISHA NINI

Je, njia ya kufaa ikoje? Hebu tutazame njia ya garimoshi.

Garimoshi ni zito, na magurudumu yake ni ya chuma juu ya chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Kwa sababu hiyo garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali. Wajenzi wa reli wakikuta kilima hukikata, na wakikuta bonde hulijaza udongo. Udongo huo ulioinuliwa ndio tunaouita tuta. Njia ya reli kwa kawaida haipandi zaidi ya mita 2 kwa kila mita 100. Kona zake ni ndefu na laini. Pembeni kuna mifereji ya maji, na mitoni kuna madaraja.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Ikiwa garimoshi limeachishwa kazi na reli zimeng'olewa, kinachobaki ni nini? Kinabaki kipande kirefu cha ardhi iliyosawazishwa, kinachofaa kabisa kwa mwenye baiskeli na mtembea kwa miguu.

WENZETU WALIVYOFANYA

Huko Marekani, magharibi ya jiji la Chicago, palikuwa na reli ya treni za umeme zilizobeba abiria kati ya jiji na miji ya pembeni. Treni hizo zilisimamisha huduma ya abiria mwaka 1957. Njia ikakaa bure na magugu yakaota. Mwaka 1963 mama mmoja aitwaye May Theilgaard Watts, mwalimu wa elimu ya mimea mwenye umri wa miaka 70, aliandika barua kwa gazeti. Alisema njia hiyo isiachwe ipotee, bali iwe ya watu wa miguu na wa baiskeli. Watu wa kujitolea wakamwunga mkono. Wakasafisha, wakajaza changarawe, wakazungumza na serikali za maeneo yao. Leo njia hiyo ina urefu wa karibu kilomita 98. Inapita kwenye miti na nyasi za asili, halafu inapita nyuma ya nyumba za watu, mji baada ya mji. Wazee, watoto na wafanyakazi wanaitumia.

Huko Uingereza, kati ya miji ya Bristol na Bath, ilifanyika vivyo hivyo. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1986 watu wa kujitolea walitengeneza njia ya baiskeli ya kilomita 21 hivi juu ya tuta la reli iliyokwisha kufungwa.

Tuangalie jambo moja katika habari hizi. Njia zote mbili zilianzishwa na raia waliosema, "Hiki ni cha umma, kisipotee," kisha wakashika majembe.

NA KWETU TANZANIA?

Sisi pia tumekuwa na reli zilizokufa. Unguja ilijengwa reli mwaka 1905, kutoka mjini hadi Bububu, mwendo wa kilomita 11 hivi. Treni ilipita kwenye mitaa myembamba ya Mji Mkongwe. Katika miaka ya 1920 magari yalipoongezeka, abiria wa treni wakapungua na treni ikaondoka. Leo barabara ya Bububu ni ya magari.

Kusini ilijengwa reli kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947. Reli hiyo iliunganisha Nachingwea na pwani, na baadaye ikafikishwa Mtwara. Mpango wa karanga ulishindwa mapema, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Vyuma viking'olewa, tuta lisilo na mwenyewe halidumu. Mvua hulikata, vichaka huota, na mashamba husogea.

Hapa Simiyu hali ni tofauti. Sisi hatuna reli iliyokufa. Tunayo reli iliyo hai. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo inapita Malampaka, wilayani Maswa. Tena, mwezi Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya ya kisasa, kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341. Kwa hiyo garimoshi kwetu haliondoki, bali linaongezeka.

TUTA LENYE RELI SI NJIA YAKO

Hapa ndugu zangu wa Malampaka na vijiji vyote vilivyo kando ya reli wanisikilize vizuri. Tuta ni tambarare, ni kavu wakati wa masika, na linakata mwendo. Ndiyo maana watu hushawishika kusukuma au kuendesha baiskeli kando ya reli, hasa mvua zinapoharibu njia za chini. Msifanye hivyo. Sababu ni hizi:

1. Dereva wa garimoshi hawezi kukukwepa. Garimoshi halina usukani wa kulipeleka pembeni. Hata akifunga breki mara moja akuonapo, garimoshi lenye mzigo huendelea mamia ya mita kabla ya kusimama.

2. Kokoto za reli huteleza chini ya tairi. Ukianguka, unaweza kuangukia upande wa reli na si upande wa majani.

3. Juu ya daraja la reli hakuna nafasi ya kujibanza.

4. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda kwa garimoshi, sauti yake huchelewa kukufikia. Kijana aliyeziba masikio kwa muziki hasikii kabisa.

Ukitaka kuvuka reli, vuka penye kivuko. Shuka kwenye baiskeli. Simama. Tazama kulia, tazama kushoto, sikiliza, kisha sukuma baiskeli yako uvuke bila kusimama katikati. Wafundisheni watoto hivyo hivyo. Asiwepo mtoto wa kuchunga ng'ombe wala wa kwenda shule anayecheza kwenye tuta.

TUJITENGENEZEE NJIA YETU

Basi, kama tuta lenye reli limekatazwa na tuta lisilo na reli hatuna, tufanye nini? Tuchukue yale ambayo tuta limetufundisha, tuyatumie kwenye njia zetu wenyewe. Njia nzuri ya baiskeli ina mambo matano: haina kilima kikali, imetengana na magari, haituamishi maji, ina kivuli, na mahali inapokutana na barabara panaonekana vizuri kwa pande zote mbili.

Nchi yetu ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega ina tambarare nyingi. Kila kijiji kina vijia vya zamani vya kwenda mnadani, kisimani, shuleni na zahanati. Chagueni kimoja kinachozunguka kilima badala ya kukipanda. Kikirefuka kwa dakika chache, si hasara, maana hizo dakika ndizo dawa yenyewe. Kipanueni kiasi cha baiskeli mbili kupishana. Chimbeni mfereji upande wa juu. Ng'oeni visiki na miiba.

Kwa habari ya kivuli, Wasukuma tunayo ngitili, yaani eneo la malisho na miti linalohifadhiwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulianza mwaka 1986, wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na ulisaidia ngitili nyingi kurudi. Njia ikipita ukingoni mwa ngitili, mwendeshaji anapata kivuli na hewa safi. Lakini zifuateni sheria ndogo za kijiji. Msipitishe njia katikati ya ngitili, wala msifanye baiskeli kuwa kisingizio cha kukata miti.

Jambo hili lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji kazi ya kupanga ardhi yake. Njia ya watu wa miguu na baiskeli iandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, ili kesho mtu asije akailima. Mahali ambapo njia hiyo inakutana na barabara inayohudumiwa na TARURA au TANROADS, viongozi waandike barua kuomba kibao au tuta la kupunguza mwendo. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipochimba vyoo kwa vikundi baada ya kusikiliza redio. Kutengeneza njia salama ni kazi ya afya kama kuchimba choo.

KABLA YA KUPANDA

Wafuatao waonane kwanza na mhudumu wa afya: mwenye maumivu ya kifua anapofanya kazi, aliyewahi kuzimia, mwenye kuvimba miguu, mwenye shinikizo la 180 kwa 110 au zaidi, na aliyejifungua au kupasuliwa karibuni. Mwenye kisukari anayetumia dawa awe na sukari au tunda mfukoni. Mwenye seli mundu, ugonjwa ambao ni wa kawaida Kanda yetu ya Ziwa, anywe maji mara kwa mara na asijichoshe. Mama mjamzito aulize kliniki. Na wewe unayemeza dawa za shinikizo, usiziache kwa sababu umeanza baiskeli. Dawa na mwendo hufanya kazi pamoja.

Wako wanaosema kwamba baiskeli humharibu msichana asizae. Si kweli. Kiti cha baiskeli hakifiki kwenye mji wa mimba. Msichana anayekwenda shule kwa baiskeli anafika mapema na hachoki, na nguo ndefu ikikunjwa vizuri isiingie kwenye mnyororo, hana la kuogopa.

Rekebisha kiti chako. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukisha kuweka mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litakunja kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kiti cha chini mno huumiza magoti. Sehemu za siri zikifa ganzi njiani, inuka usimame juu ya pedeli kidogo, na ukifika nyumbani hakikisha kiti hakijainuka mbele.

Kagua breki zote mbili, upepo wa matairi, mnyororo na kengele. Ukitoka usiku uwe na taa mbele na kiakisi chekundu nyuma, na uvae nguo nyeupe. Kofia ngumu ukiipata ivae, maana fuvu halina karakana ya kulichomelea. Beba maji safi ya kunywa. Kiangazi toka asubuhi au jioni.

Anza na dakika 10 kwa siku wiki ya kwanza, ongeza dakika 5 kila wiki. Ukifika dakika 30 umefika. Haraka haraka haina baraka.

MTOTO KWENYE KERIA

Jeraha moja linatuletea watoto wengi zahanati, nalo lingeweza kuzuilika. Mtoto amekaa nyuma kwenye keria, miguu inaning'inia, kisigino kinaingia kwenye spoki gurudumu likizunguka. Ngozi huchunika, na wakati mwingine mfupa huvunjika. Kidonda cha kisigino hupona polepole. Mwambie fundi baiskeli afunge kikinga cha waya au bati laini kila upande wa gurudumu la nyuma, na aweke vyuma vya kukanyagia. Mvishe mtoto viatu. Asiyeweza kukaa mwenyewe na kushika vizuri, asipandishwe.

AJALI IKITOKEA

Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Damu ikisimama, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usipake udongo, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno wala unga wa betri. Nenda zahanati, uulizwe juu ya chanjo ya pepopunda.

Aliyegonga kichwa akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida, au akitoka maji au damu sikioni, apelekwe hospitali mara moja. Msimwache alale mkisema atapoa. Anayelalamika shingo au mgongo msimpakie kwenye baiskeli wala pikipiki. Mlazeni juu ya ubao au kitanda, mmbebe watu wanne, kichwa kikiwa kimeshikiliwa kisitikisike.

Na mama mwenye uchungu wa kujifungua asiwekwe kwenye keria. Pigeni simu namba 115 ya mpango wa m-mama, ambao ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022. Simu hiyo ni bure. Unasaidia kupata usafiri kwa dharura ya mjamzito, ya aliyejifungua na ya mtoto mchanga.

Ndugu msomaji, garimoshi lilihitaji njia ya sawasawa kwa sababu ni zito. Moyo wa mtu aliyekaa muda mrefu nao ni mzito. Uandalie njia ya sawasawa, uupitishe kila wiki. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini kulima peke yake hakutoshi kuutunza moyo mwaka mzima?
2. Taja sababu tatu za kutoendesha baiskeli kando ya reli inayotumika.
3. Katika kijiji chenu, ni kijia gani kisicho na kilima kikali kinachoweza kuwa njia ya baiskeli? Kinakutana wapi na barabara ya magari?
4. Ni baiskeli ngapi za kikundi chenu zina kikinga cha spoki? Nani atakwenda kwa fundi wiki hii?